Mwanafunzi wa Siasa Aishukie Konza

Likizo ndefu ikaribiapo, mwenzetu wa sayansi ya siasa hupiga chapa barua kumi akazipeleka Nairobi: Bungeni, wizarani, balozini. Kisha hungoja. Mwenye mjomba huitwa. Asiye naye huambiwa nafasi zimejaa.

Kwa nini asiishukie Konza, papo hapo kwenye barabara ya Mombasa? Huko serikali ilinunua ekari 5,000 za ranchi ya Malili, na Januari 2013 Rais Mwai Kibaki akazindua ujenzi wa mji wa teknolojia. Huko ndiko Machakos, Makueni na Kajiado zinakopakana, na mpaka wenyewe umezua mvutano. Ataka siasa gani tena?

Kifungu cha 196 cha Katiba ya 2010 kinayataka mabunge ya kaunti yawashirikishe wananchi. Cha 7 kinakifanya Kiswahili lugha ya taifa, tena rasmi. Hata hivyo, miswada huandikwa kwa Kiingereza. Basi barua iendayo bunge la kaunti, Machakos, isiseme "naomba nafasi" tu. Iseme: nitaufupisha mswada kwa Kiswahili mkulima wa Konza ausome kabla ya kuitwa kutoa maoni.

Nauli, je? Mafunzo yasiyo na posho ni ya mtoto wa tajiri. Mpango wa serikali ulioanza 2019 hulipa, lakini huchukua waliokwisha kuhitimu. Sisi tulio bado darasani tuzidai idara zetu ziandikiane na kaunti, na nauli ya matatu itajwe katika mapatano hayo.