SIRI ZA WATU MIKONONI MWA MAKAMPUNI YA SIMU

Mwezi wa Juni mwaka 2025 kamishna wa Ujerumani anayesimamia ulinzi wa taarifa za watu aliitoza kampuni ya Vodafone ya nchi hiyo faini ya yuro milioni 45. Kampuni haikubisha. Ililipa fedha zote, na juu ya hayo ikatoa mamilioni mengine kuvisaidia vyama vinavyoshughulika na ulinzi wa taarifa. Wengi wakishasikia hesabu ya fedha huishia hapo, wakasema sheria imefanya kazi yake. Sisi twaona kuwa hesabu hiyo ndiyo sehemu ndogo ya jambo lenyewe, na twawaomba ndugu wasomaji watazame sababu ya faini kabla ya kutazama ukubwa wake.

Yuro milioni 15 kati ya hizo zilitozwa kwa ajili ya mawakala. Kampuni ilikuwa imekabidhi kazi ya kuuza mikataba ya simu kwa wakala za nje, na baadhi ya watu waliokuwa wakifanya kazi katika wakala hizo walitunga mikataba ya uongo au kubadili ile iliyokuwapo, na mwenye kuumia akawa mteja. Kosa la kampuni mbele ya sheria lilikuwa kwamba haikuwachunguza wala kuwasimamia mawakala wake ipasavyo. Milioni 30 zilizobaki zilihusu udhaifu wa njia ya kumtambua mteja: mtu asiyehusika aliweza, kwa kutumia pamoja tovuti ya wateja na simu ya huduma, kuifikia laini ya mtu mwingine.

Hao waliotunga mikataba ya uongo hatuwatetei hata kidogo. Mwizi ni mwizi. Lakini twauliza: ni nani aliyeupanga utaratibu huo? Kazi ya uwakala inajulikana popote duniani. Muuzaji mara nyingi hulipwa kwa hesabu ya mikataba aliyoileta, na siku asipoleta hapati kitu. Mkono mtupu haulambwi. Kisha mtu huyo huyo, asiye na mshahara wa kutegemea, hupewa ufunguo wa majina, anwani na hesabu za benki za maelfu ya watu. Mabwana wakubwa wamejiondolea mzigo wa kuajiri, na wakati huo huo wangependa kujiondolea mzigo wa kujibu. Sheria ya Ulaya imewakatalia hilo la pili, na imefanya vema.

Sheria yenyewe ni Kanuni ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Umoja wa Ulaya, iliyopitishwa mwaka 2016 na kuanza kutumika tarehe 25 Mei 2018. Yaagiza kwamba taarifa za mtu zikivuja, wakuu wa serikali wanaohusika waarifiwe katika muda wa saa 72. Faini yaweza kufika yuro milioni 20, au asilimia 4 ya mapato ya kampuni ya mwaka mzima duniani kote, ipi iliyo kubwa zaidi. Italia iliitumia mapema mwaka 2020 dhidi ya kampuni ya TIM, ikaitoza yuro milioni 27.8, hasa kwa ajili ya simu za matangazo ya biashara zilizopigwa kwa watu wasiozitaka. Mtu mmoja alipigiwa mara 155 katika mwezi mmoja! Huo si utumishi kwa mteja, ni kumsumbua mtu nyumbani kwake.

Hata hivyo lipo jambo moja katika mwenendo wa faini hizi ambalo halitupendezi. Mwezi wa Desemba mwaka 2019 kampuni ya 1&1 ya Ujerumani ilitozwa yuro milioni 9.55. Mwanamke mmoja alikuwa amepiga simu akajifanya mke wa mteja, akataja jina na tarehe ya kuzaliwa, akapewa namba mpya ya simu ya mwanamume aliyekwisha kuachana naye, naye akaitumia kumsumbua. Kampuni ilikwenda mahakamani, na mwezi wa Novemba mwaka 2020 mahakama ya Bonn ikaipunguza faini hadi yuro 900,000, kwa kuwa kosa lilionekana dogo na lisingeweza kusababisha taarifa za watu wengi kutolewa kwa pamoja. Labda kwa hesabu za mahakama ni dogo. Mtu mmoja anayewindwa na mwenzi wake wa zamani hawezi kuliona dogo. Nasi twamfikiria pia mfanyakazi aliyeipokea simu ile: aliuliza maswali mawili kwa sababu ndiyo maswali aliyoagizwa kuuliza. Mahakama hiyo, na twaisifu kwa hili, ilikubali kwamba kampuni yaweza kutozwa bila ya kwanza kumtafuta mkubwa fulani aliyekosea. Lawama basi ikae kwenye kampuni, isiteremshwe hadi kwa karani wa zamu.

Makampuni nayo yana malalamiko, na moja kati yao ni la haki. Mwaka 2006 Umoja wa Ulaya uliyaagiza makampuni ya simu kuweka kumbukumbu za simu za watu wote, yaani nani amempigia nani, lini na akiwa wapi, kwa muda usiopungua miezi 6 wala kuzidi miaka 2. Tarehe 8 Aprili 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja huo ikaifuta amri hiyo. Kampuni ya Tele2 ya Sweden ikasema basi, haitaweka tena. Serikali ya Sweden ikailazimisha iendelee, kwa sheria yake ya ndani. Kampuni ikiweka inakosa huku, isipoweka inakosa kule. Jambo hilo halikuamuliwa hadi Desemba 2016, mahakama ile ile iliposema kwamba haifai kuweka kumbukumbu za watu wote bila ya kuchagua. Na mwaka 2020 ikafungua mlango kidogo kwa nchi iliyo katika hatari kubwa ya usalama, kwa muda wenye mpaka.

Kumbukumbu hizo ni nyingi kiasi gani? Mwanasiasa wa Ujerumani Malte Spitz aliidai kampuni ya Deutsche Telekom impe zake za miezi 6, kuanzia Agosti 2009. Zilipochapishwa mwaka 2011 zilikuwa mistari 35,830. Mtu aliyezisoma aliweza kumfuata kwa treni kutoka mji hadi mji na kujua saa alizolala.

Na wafanyakazi wasidhani kwamba jambo hili ni la wanasiasa peke yao. Mwaka 2008 iligunduliwa kuwa kampuni hiyo hiyo ya Deutsche Telekom, katika miaka ya 2005 na 2006, ilizichunguza kumbukumbu za simu za waandishi wa habari na za wajumbe wa bodi yake ya usimamizi, wakiwamo wawakilishi wa wafanyakazi, ili kumtafuta aliyetoa siri za kampuni kwa magazeti. Haikuwa lazima kusikiliza neno lolote lililosemwa. Ilitosha kujua nani alimpigia nani. Mwaka 2010 mtu mmoja wa idara ya ulinzi ya kampuni alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu na nusu. Mwajiri anayeishika daftari ya simu za viongozi wa wafanyakazi anajua mgomo kabla haujatangazwa.

Kwa hiyo sisi hatuoni kuwa faini peke yake ni dawa. Faini hulipwa kwa fedha zilizotoka kwa mteja, na mwaka unaofuata huandikwa katika hesabu kama gharama ya biashara. Taarifa isiyowekwa haiwezi kuibwa, wala kupelelezwa, wala kuuzwa na wakala. Kampuni ishike kile inachohitaji kwa ankara ya mwezi, na ankara ikilipwa na muda wa kulalamika ukiisha, ifute.

Vodacom, inayotumiwa na mamilioni Tanzania, mwenye sehemu kubwa ya hisa zake ni Vodafone ya Uingereza. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya mwaka 2022, na ilianza kutumika Mei 2023. Vijana wanaokaa chini ya miavuli wakisajili laini kwa alama za vidole nao ni mawakala, na swali la namna wanavyolipwa na kusimamiwa yafaa liwekwe mezani na vyama vya wafanyakazi wakati huu, pamoja na swali la mishahara.