Tumewaachia Filamu Kuwafundisha Watoto Wetu Mapenzi



Ndugu Waislamu, mwaka 2003 ilitoka filamu ya Kitanzania iitwayo Girlfriend, iliyoongozwa na George Otieno Tyson, ikanadiwa kuwa ni filamu ya maisha na muziki. Wanamuziki halisi wa bongo fleva, akiwamo TID, waliwekwa ndani ya kisa cha mapenzi cha kubuni. Hapo ndipo penye hila: sura ni ya kweli, sauti ni ya kweli, lakini mapenzi ni ya kutunga. Filamu nyingi zimepita njia hiyo baadaye, zikajiita visa vya kweli, na leo zimo katika mabanda ya video na simu za vijana wetu wa Bariadi, Maswa na Meatu.

Kosa lake si kutaja mapenzi. Allah (s.w.) amesimulia tamaa ya mke wa mheshimiwa wa Misri katika Surat Yusuf, na katika Surat Ar-Rum, aya ya 21, ameyahesabu mapenzi na huruma baina ya mume na mke kuwa miongoni mwa ishara Zake. Kosa ni kuchanganya kweli na uongo. Kijana huonyeshwa faragha, zawadi na machozi. Haonyeshwi walii, mahari, malezi ya watoto, wala subira ya mwaka wa kumi wa ndoa.

Lakini je, sisi tumewapa nini badala yake? Mimbari zetu husema "haramu", kisha hunyamaza. Na majumbani mwetu, wapo wazazi wanaohesabu ng'ombe kabla ya kumuuliza binti, ilhali Surat An-Nisaa, aya ya 4, imeyafanya mahari kuwa haki ya mwanamke mwenyewe, si ya zizi la baba yake. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa mkoani Shinyanga, ambao wakati ule ulijumuisha Bariadi, asilimia 59 ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 waliolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Binti aliyenyimwa kauli nyumbani ataacha vipi kuiamini filamu inayomwambia kuwa moyo wake una thamani?

Kisa cha kweli tunacho. Amepokea Bukhari kwamba Barira alipoachwa huru utumwani, alichagua kutengana na mumewe Mughith, naye akawa akimfuata katika njia za Madina, machozi yakitiririka ndevuni. Mtume (s.a.w.) alimwombea kwa mkewe. Barira akauliza kama hiyo ni amri. Alipojibiwa kuwa ni uombezi tu, alikataa, na hakulazimishwa. Mtume hakuyadharau machozi ya mume, wala hakuikanyaga hiari ya mke.

Basi tunawataka maimamu wa Simiyu waanzishe darsa za ndoa kwa vijana, na wasifungishe ndoa yoyote mpaka ridhaa ya binti ithibitike. Bila hayo, kulaani filamu ni kelele tupu.