Shingo Imekakamaa, Bado Mnatafuta Malaria

Kaa chini ya turubai kwenye msiba wowote wa mtoto au kijana aliyekwenda ghafla, utaisikia. "Ilikuwa malaria, ikampanda kichwani." Wazee wanaitikia, kina mama wanafuta machozi, wali unapakuliwa, habari imekwisha.

Imekwisha vipi? Nani aliipima hiyo malaria? Nani aliiona ikipanda? Mtoto alipata homa kali, akatapika, akalia kichwa, macho yakakataa mwanga, shingo ikakakamaa, akapigwa degedege, akanyamaza. Dalili hizo zinaelekeza kwenye homa ya uti wa mgongo, ndugu yangu, na hakuna aliyeitafuta. Hakuna!

Malaria ya kichwani ipo na inaua, sibishani na mtu. Ninachobishana nacho ni uvivu wa kuita kila joto la mwili malaria. Mwaka 2004 watafiti walichapisha walichokikuta katika hospitali za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Wagonjwa mahututi zaidi ya 4,000 walikuwa wakitibiwa malaria kali, na chini ya nusu yao ndio waliokuwa na vimelea kwenye damu. Sasa sikiliza vizuri. Wale wasiokuwa na vimelea ndio waliokufa zaidi: 12 katika kila 100, wakati wenye malaria ya kweli walikufa 7 katika kila 100. Wenye malaria walipata dawa ya ugonjwa wao. Wenzao walitibiwa ugonjwa ambao hawakuwa nao.

Na mjini Moshi nako? Mwaka 2007 na 2008, watu 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili walichunguzwa kwa kina. Madaktari walikuwa wameandika malaria kwa zaidi ya 60 katika kila 100. Maabara ilipochimba, malaria ilikuwa ndiyo sababu kwa chini ya wawili katika kila 100. Chini ya wawili!

Utaniambia hiyo ni zamani, siku hizi kipimo cha haraka cha malaria kipo hadi zahanati. Kipo, na kimeokoa wengi. Lakini kikisema hapana, tunafanya nini? Tunapima tena. Tunahamia kituo kingine tupime mara ya tatu, mpaka tupate jibu tulilokwenda nalo. Na kikisema ndiyo, tunafunga akili. Kumbe huku kwetu mtu anaweza kuwa na vimelea kwenye damu na wakati huo huo bakteria wanashambulia utando wa ubongo wake. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba mtoto mwenye malaria kali aanzishiwe antibayotiki pamoja na dawa ya malaria, hadi ithibitike kwamba hana maambukizi ya bakteria. Je, hospitali ya wilaya yako inafanya hivyo? Umewahi kuuliza?

Umelala, msomaji. Tumelala wote, na ugonjwa huu hauna subira na waliolala. Homa ya uti wa mgongo ya bakteria inaweza kumchukua mtu ndani ya saa 24. Hata kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, mmoja katika kila sita wanaoipata hufa, na mmoja katika kila watano hubaki na madhara makubwa: uziwi, kifafa, kupooza viungo, akili kudumaa. Ile inayoletwa na bakteria wa meningokoka, isipotibiwa, huweza kuua hadi nusu ya wagonjwa.

Tumelelewa kwa "haraka haraka haina baraka". Kwa ugonjwa huu wekeni pembeni methali hiyo, mshike nyingine: chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Na tunavyojua kuchelewa! Mtoto anaungua usiku, mama anampa panadol. Asubuhi baba anapita duka la dawa, anarudi na vidonge vya antibayotiki nusu dozi, kwa sababu ndiyo hela iliyopo. Vidonge hivyo haviponyi, ila vinatosha kuficha: bakteria hawaoti tena maabara, daktari anabaki gizani. Degedege likianza, bibi anasema hayo si ya hospitali. Mtoto anafukizwa moshi wa kinyesi cha tembo, anamwagiwa maji, anapelekwa kwa mganga, na saa zinakwenda. Simdharau bibi. Amelea wengi kuliko mimi. Lakini bibi hawezi kuyaona maji ya mgongo kwa macho, na moshi haujawahi kuua bakteria.

Tuseme mmefika hospitali. Ndipo hasira yangu inapozidi, maana hapa hatuwezi tena kumlaumu bibi.

Unambeba mtoto shingo ikiwa ngumu, unaambiwa ufungue faili kwanza. Unasimama dirishani kusubiri namba ya malipo. Mtandao uko chini. Unaketi kwenye benchi. Unaitwa, anachukuliwa damu ya malaria, unarudi kwenye benchi. Nimekaa kwenye mabenchi hayo, nimeona mama akimshika mtoto mapajani huku kichwa kimepinda nyuma, na waliovaa makoti meupe wakipita mbele yake. Nani alimwambia yeyote kwamba mtu aliyechanganyikiwa akili huku ana homa anangoja zamu?

Dawa ya kuanzia ipo. Ni sindano ya seftriaksoni, dawa ya kawaida, imo kwenye orodha ya dawa muhimu za dunia, inajulikana na kila nesi. Haihitaji ghorofa wala mashine ya kigeni. Haitakiwi kusubiri kesho wala daktari bingwa arudi safari. Inatakiwa iingie mwilini mara tu ugonjwa unaposhukiwa, tena ndani ya saa ya kwanza. Kama kipimo cha mgongo kinawezekana pale pale, kitangulie kwa dakika. Kama hakiwezekani, dawa ichomwe, kipimo kifuate. Na mgonjwa asiwekewe dawa kiporo eti anasubiri picha ya kichwa katika hospitali ya mkoa wa jirani! Anayepewa rufaa bila kuchomwa sindano ya kwanza ametupwa barabarani na ugonjwa wake.

Sasa njoo wewe, ndugu wa mgonjwa, maana nawe sikuachi. Daktari akisema anataka kutoa maji ya mgongo, unaruka. "Hapana, ile sindano inaua. Fulani alichomwa, akafa. Mwingine alipooza." Ukoo unaitishwa kwa simu. Shangazi wa Tabora anakataa. Mjomba anasema tusubiri aje. Na fomu ya ridhaa inabaki bila saini.

Nikuulize: huyo fulani alichomwa siku ya ngapi? Alichomwa wakati ameshapoteza fahamu, baada ya wiki nzima ya dawa za malaria. Ugonjwa ndio uliomuua, sindano ikabebeshwa maiti. Sindano hiyo huingia kiunoni, chini kabisa ya pale uti wenyewe wa mgongo unapoishia. Haiugusi uti. Inachota maji kidogo tu, na maji hayo yakitoka na ukungu badala ya kuwa maangavu, daktari hata kabla ya maabara ameshaanza kupata jibu. Wapo wachache ambao hawatakiwi kuchomwa kwanza, na daktari anawajua kwa dalili zao. Uamuzi huo ni wake, si wa shangazi wa Tabora.

Mnataka kujua kuchelewa kunagharimu nini? Tazameni Banalia, mkoa wa Tshopo, kule Kongo. Tarehe 8 Septemba 2021 mlipuko ulipotangazwa rasmi, watu 261 walikuwa wameshashukiwa kuugua na 129 walikuwa wameshakufa. Nusu! Sampuli zilisafiri hadi taasisi ya Pasteur, Paris, ndipo meningokoka akathibitishwa. Watu wanakufa msituni, jibu linatoka Ulaya. Wahudumu, dawa na chanjo vilipofika, vifo vikashuka, hata mlipuko ulipokwisha vilikuwa chini ya mmoja katika kila wagonjwa kumi. Kilichobadilika ni kwamba watu walijua wanatibu nini, na wakatibu mapema.

Na kwa wanaoishi na VVU kinga ikiwa imeshuka, homa hii ya uti wa mgongo mara nyingi huletwa na fangasi anayeitwa kriptokoka. Huyu huja polepole: kichwa kinauma wiki mbili, tatu, mtu anameza panadol na dawa mseto ya malaria. Kipimo chake cha damu ni kijiti kinachotoa jibu kwa dakika kumi hivi. Utafiti wa Dar es Salaam na Lusaka ulioongozwa na mtafiti Sayoki Mfinanga na wenzake, ukachapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba kuwapima wagonjwa wa aina hiyo mapema na kuwatembelea nyumbani wanapoanza ARV kulipunguza vifo kwa asilimia 28. Kati ya walioutafiti wamo Waafrika wa hapa hapa. Mwaka 2022 ukaja ushahidi mwingine, Uganda ikiwamo, kwamba dripu moja kubwa ya amfoterisini pamoja na vidonge vya flusitosini na flukonazoli inatosha pale ambapo zamani mgonjwa alichomwa siku nenda rudi. Flusitosini hiyo bado ni adimu kwenye hospitali zetu nyingi. Kwa nini? Aliyeikalia bajeti atujibu.

Wanaopona nao tunawatupa. Mtoto anaruhusiwa, hakuna aliyempima masikio. Mwaka unapita, darasani anaitwa mkaidi, anachapwa kwa kutosikia ambako ni kutosikia kweli.

Novemba 2020 nchi za dunia zilikubaliana kwenye Mkutano wa Afya Duniani kwamba hadi 2030 vifo vya homa ya uti wa mgongo vinavyozuilika kwa chanjo vipungue kwa asilimia 70. Nasi ni wanachama. Basi kila mganga mkuu wa wilaya aseme hadharani: sindano za mgongo zipo ngapi? Seftriaksoni ipo chumba cha dharura, au imefungiwa stoo na ufunguo uko kwa mtu aliyelala nyumbani? Maabara ya usiku ina mtu?

Nawe usisubiri watuambie. Mtoto wako akiwa na homa na shingo ngumu, au mchanga akakataa kunyonya na utosi umevimba, usipite dukani, usipite kwa mganga. Ukifika mapokezi usinong'one. Sema kwa sauti: "Nahofia uti wa mgongo." Uliza dawa inachomwa saa ngapi. Uliza maji ya mgongo yanatolewa lini. Fomu ikiletwa, tia saini. Na usikae kwenye lile benchi mpaka umeona sindano ya kwanza imeingia.