Shingo ya Mama, Ubongo wa Mtoto

Mama mpendwa, shingoni mwako kuna tezi ndogo itoayo homoni inayojenga ubongo wa mtoto aliye tumboni. Miezi mitatu ya kwanza mtoto hutegemea homoni yako tu, kwani tezi yake bado haijaanza kazi. Ikipungua sana, anaweza kukua akiwa mzito wa kujifunza.

Kliniki hukutana nasi akina mama walioacha vidonge vya kuongeza homoni hiyo mara walipopata mimba, wakihofia kumdhuru mtoto. Tunawaelewa, hofu hiyo ni ya upendo. Lakini vidonge hivyo humlinda mtoto. Usiviache. Ukikosa hedhi tu, njoo upimwe damu, maana mara nyingi daktari huongeza dozi.

Nasi sote tukumbuke kwamba tezi haifanyi kazi bila madini joto. Mjamzito anahitaji mikrogramu 250 kwa siku. Tusizidishe chumvi, ila tununue iliyotiwa madini joto, tuifunike vizuri mbali na jua na unyevu, na tuitie chakula kikikaribia kuiva.

Na mwenye uvimbe shingoni asiufiche kwa mtandio. Atuonyeshe mapema.