WIVU SI MAPENZI: FILAMU ILIYOKATALIWA NA WAHAKIKI, IKAPENDWA NA WATOTO WETU

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu zangu katika imani, leo naomba mnivumilie, maana nitazungumzia filamu. Najua wapo watakaosema, "Sheikh na filamu wapi na wapi?" Someni mpaka mwisho, kisha mnihukumu.

Miezi kadhaa nyuma, kwenye darsa la vijana baada ya Alasiri, niliwaka. Nilikuwa nimeambiwa kuna filamu ya Kimarekani, si mpya, lakini bado inazunguka kwenye simu za mabinti zetu, mara kwa flashi, mara kwa Telegram. Inaitwa The Kissing Booth. Jina lenyewe maana yake kibanda cha kubusiana, astaghfirullah. Nikasema: uchafu, haramu, futeni. Nikafunga darsa kwa dua, nikajiona nimefikisha ujumbe.

Kabla ya Magharibi, binti mmoja wa madrasa, wa kidato cha tatu, akanitumia karatasi kupitia kwa mwalimu wao wa kike. Aliandika kwa adabu kabisa. Alisema: Ustadhi, hata Wazungu wenyewe waliisema vibaya filamu hiyo, lakini wao walieleza kosa liko wapi. Wewe umetuambia haramu tu, na mimi mpaka sasa sijaelewa yule kaka kwenye filamu amekosea nini, kwa sababu naona alimpenda sana yule dada.

Wallahi karatasi ile ilininyima usingizi. Si kwa sababu alinikosoa. Ni lile neno la mwisho: "naona alimpenda sana."

Sikuiangalia filamu hiyo na simwambii mtu aiangalie. Lakini nilimkalisha kitako mwanangu wa kiume anayesoma chuo, akanisimulia kisa chake chote, kisha tukasoma pamoja yale waliyoyaandika wahakiki. Mhakiki ni mtu ambaye kazi yake ni kuangalia filamu na kuwaambia watu kama ina maana au haina. Haya ndiyo niliyoyapata.

Filamu hiyo ilitolewa na Netflix tarehe 11 Mei 2018. Kwa hesabu yetu ilikuwa Ijumaa ya mwisho ya Shaabani. Sisi tukijiandaa na Ramadhani, wenzetu wakifungua kibanda. Kisa kilitokana na riwaya ya Beth Reekles, msichana wa Wales, aliyeanza kuiandika akiwa na miaka 15 na kuiweka kwenye mtandao wa Wattpad, ambako ilisomwa mara mamilioni. Lishike hilo: aliyeutunga mfano huo wa mapenzi alikuwa mtoto.

Kisa chenyewe kwa ufupi: msichana wa sekondari anaitwa Elle. Rafiki yake wa tangu utotoni ni mvulana anaitwa Lee, na wamewekeana masharti ya urafiki, mojawapo kwamba ndugu wa rafiki haguswi. Elle anampenda kaka yake Lee, anaitwa Noah. Sasa huyu Noah ni mpenda ngumi. Msichana akiguswa, anapigana. Tena amewaonya wavulana wote wa shule wasimsogelee Elle, na Elle mwenyewe hana habari. Anaahidiana na mvulana mmoja kukutana, anangoja, mvulana hatokei, kumbe Noah amekwisha kumtisha. Noah akikasirika anapaza sauti, anamwamrisha msichana aingie garini. Na filamu inataka mtazamaji acheke, kisha ayeyuke moyo aseme, "Mashallah, anampenda!"

Wahakiki wa Marekani na Uingereza waliikataa. Kuna tovuti inaitwa Rotten Tomatoes, inayokusanya maoni ya wahakiki na kutoa asilimia ya walioisifu filamu. Hii haikufika hata asilimia 20. Na kilichowakera wengi wao hakikuwa uchezaji mbovu tu. Walisema filamu inawafundisha watoto kwamba mwanamume anayekuchagulia nguo, anayekuchagulia marafiki na kupiga kila anayekutazama, huyo ndiye anayekupenda. Walitaja pia mahali ambapo msichana anakwenda shule na sketi fupi, mvulana anamgusa bila haya, na maneno yanayofuata ni kana kwamba sketi ndiyo iliyouita mkono. Baadaye msichana huyo huyo anakubali kutoka na aliyemgusa. Kumbukeni ulikuwa mwaka 2018, miezi michache baada ya wanawake wengi wa Marekani kusimama hadharani na kueleza walivyodhalilishwa na wakubwa wa filamu. Masikio ya wahakiki yalikuwa wazi.

Watazamaji je? Hawakuwasikiliza. Mkuu wa vipindi wa Netflix, Ted Sarandos, alijigamba mwaka huo huo kuwa ni miongoni mwa filamu zilizotazamwa zaidi nchini mwao. Ikatengenezwa ya pili mwaka 2020, na ya tatu mwaka 2021. Na yule kijana aliyeigiza kama Noah, Jacob Elordi, mwaka 2023 aliliambia jarida la GQ kwamba hata kabla ya kuzicheza hakutaka kuzicheza, na akaziita za kipuuzi.

Ndugu yangu, tafakari hapo. Aliyelipwa kuicheza ameikana. Binti yako, aliyeiangalia bure kwenye simu chini ya shuka, bado anaiamini.

Sasa nije kwenye nilichokusudia.

Mtu asiniambie kwamba Muislamu hapokei neno la haki kutoka kwa mhakiki asiyeswali. Abu Hurayra (r.a.) alifundishwa fadhila ya Ayatul Kursiyyu na mwizi aliyemkamata usiku. Mtume (s.a.w.) akamjulisha kwamba mwizi yule alikuwa shetani, lakini alilosema safari hiyo ni kweli, ingawa yeye ni muongo. Ikiwa ukweli ulikubaliwa kutoka huko, sembuse kwa mwandishi wa gazeti?

Na walilosema ni kweli. Ila sisi tulikuwa nalo zamani, tukaliacha kabatini.

Dini yetu ina neno ghera. Ghera ni uchungu wa mtu kwa heshima ya watu wake, na ni sehemu ya imani. Lakini Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba ghera ni mbili: ipo anayoipenda Allah na ipo anayoichukia. Anayoipenda ni ile yenye sababu ya kweli ya kutia shaka. Anayoichukia ni ile isiyo na sababu. Yeye huyo huyo (s.a.w.) alimkataza mwanamume anayerudi safari kuivamia nyumba yake usiku kwa kuwadhania ubaya watu wake na kuwatafutia makosa. Jiulize, kama kuvamia mlango kumekatazwa, kuchungulia simu ya mkeo kila usiku, bila sababu yoyote, kumehalalishwa na nani? Na katika Suratul Hujurat Allah ametukataza dhana nyingi na ametukataza kupelelezana.

Na lile la sketi? Binti zangu, stara ni wajibu wenu mbele ya Allah, sitalegeza hapo hata kidogo. Lakini fungueni Suratun Nur. Amri ya kuinamisha macho imeanza kwa wanaume, kisha ndiyo ikaja kwa wanawake. Mkono wa mvulana una hesabu yake peke yake Siku ya Kiyama, na hatapata pa kuandika "nguo yake" kwenye daftari hilo.

Kosa la wenye filamu nimelieleza. Sasa nieleze langu.

Miaka iliyopita alinijia mke wa mtu, kijana mbichi, mwaka wa kwanza wa ndoa. Alisema mumewe hamruhusu kwenda kwa mama yake, anamhesabia dakika za kwenda sokoni, na simu yake ameivunja kwa sababu binamu yake alimtumia salamu za Iddi. Unajua nilimjibu nini? Nilitabasamu, nikamwambia, "Huyo anakupenda, mwanangu. Ana wivu. Subiri, atatulia." Akainama, akasema, "Haya, Sheikh," akaondoka.

Hakutulia. Yule dada alirejea kwao usiku mmoja, miguu peku, jicho moja limefumba. Baba yake ndiye aliyenipigia simu. Nilipofika, dada yule aliniangalia kwa lile jicho zima, asiseme neno. Nami sikuwa na la kusema. Nimeomba msamaha kwake na kwa wazazi wake, na namuomba Allah anisamehe.

Sasa mnaelewa kwa nini karatasi ya yule mwanafunzi ilininyima usingizi. Mimi, imamu, sikuwahi kuiangalia filamu ile, lakini jibu langu kwa yule dada lilikuwa ni filamu ile ile. Nilikuwa nimeshaicheza mimi mwenyewe, kwenye baraza ya msikiti, na kofia kichwani.

Ndiyo maana nasema, tusidhani ugonjwa huu umeletwa na Netflix. Netflix imeukuta. Ni mara ngapi kwenye nasaha za harusi tunamwambia bibi harusi, "Ukiona hakuonei wivu ujue hakupendi"? Ni nyimbo ngapi zinaimba hivyo? Watoto wetu wanaipenda filamu kwa sababu inawathibitishia waliyoyasikia nyumbani.

Mnataka kisa cha mapenzi? Sisi tunacho. Nawasimulieni kile kilichopokewa na Bukhari kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.).

Barira alikuwa mjakazi, mumewe Mughith naye mtumwa. Barira alipoachwa huru, sheria ilimpa hiari: abaki na mumewe au amuache. Akachagua kumuacha. Mughith alimpenda kiasi kwamba alikuwa akimfuata kwenye vichochoro vya Madina huku analia, machozi yakitiririka mpaka kwenye ndevu. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alistaajabu, akamwambia ami yake Abbas aone mapenzi ya Mughith kwa Barira na namna Barira asivyomtaka. Akamuonea huruma, akamuomba Barira amrudie. Barira akauliza: je, ni amri, ewe Mtume wa Allah? Akamjibu kuwa si amri, anaombea tu. Barira akasema hana haja naye. Na mambo yakaishia hapo.

Soma tena taratibu. Muombezi ni kiumbe bora kuliko wote, na mwanamke aliyetoka utumwani juzi anasema hapana, na hapana yake inaheshimiwa. Hakuna aliyemkaripia wala kumlazimisha. Na Mughith, pamoja na moto wote wa moyo wake, alilia. Hatukusikia kwamba alimtisha mtu. Huyo ndiye aliyependa. Mapenzi yanaweza kumliza mwanamume, lakini hayampi ruhusa ya kumfungia mtu njia.

Nisieleweke vibaya. Wahakiki wale nao waliona nusu. Walikasirishwa na ngumi na amri za Noah, lakini kibanda chenyewe hakikuwakera. Wavulana na wasichana kubusiana kwa pesa za mchango wa shule, kukutana faragha, zinaa kuonyeshwa kama hatua ya kukua: hayo kwao ni mchezo. Kwetu ni haramu, na hukumu yangu ya siku ile kwenye darsa haijabadilika. Kilichobadilika ni kwamba sasa najua kuitaja haramu ni mwanzo wa somo. Mtoto anayeambiwa "acha" bila kuelezwa "kwa nini" ataiacha filamu, kisha ataolewa na Noah.

Nasaha zangu ni hizi:

1. Mzazi mwenzangu, ukimkuta mwanao na filamu ya namna hii, usianze na kofi. Mkataze, kisha mkalishe umuulize: huyu kijana alimsikiliza yule msichana, au alimwamulia? Msichana alipokuwa naye alikuwa na amani, au alikuwa na hofu? Majibu yake yatakuonyesha yaliyomo moyoni mwake, na utajua pa kuanzia.

2. Kijana wangu wa kiume, ghera ianze na nafsi yako. Linda macho yako na ulimi wako na mikono yako kabla ya kulinda mwendo wa mtu. Na mkeo ni amana, hukukabidhiwa mfungwa. Mtume (s.a.w.) amesema mbora wetu ni aliye mbora kwa watu wake.

3. Binti yangu, posa ikija, usiulize tu ana kazi gani na anaswali wapi. Uliza akikasirika anakuwaje. Na akianza kukutenga na mama yako na ndugu zako huku akisema ni mapenzi, sema mapema. Kusema si kukosa subira.

4. Maimamu wenzangu, mwanamke akija na malalamiko, tusitabasamu. Tumuulize, tumsikilize mpaka amalize, tuite pande zote. Subira ni ibada, lakini haikuwekwa iwe pazia la dhulma.

Na wewe mwanafunzi uliyeandika karatasi ile, najua unanifuatilia hapa. Uliuliza yule kaka alikosea nini. Jibu langu ni hili: alikosea kudhani kwamba kumpenda mtu kunakupa milki juu yake. Milki ni ya Allah peke yake. Nakushukuru kwa kuuliza, na usiache kuuliza.

Ya Allah, zitengeneze nyumba zetu, zijaze mapenzi na huruma, na wahifadhi mabinti zetu na vijana wetu na kila kinachovaa nguo za mapenzi nacho si mapenzi. Amin.

Ukiona kuna faida, mfikishie mwenzio.

Wabillahi tawfiq.