Nyumba ya Kwanza Isijengwe Juu ya Deni la Siri



Kila msimu wa korosho unapokwisha, habari kubwa hapa kijijini huwa ni nyumba. Fulani na mkewe wamenunua kwa yule aliyehamia mjini. Fulani katoa malipo ya kwanza, bado nusu. Vijana waliooana juzi juzi wanatafuta pa kutokea kwa wazee, nao wawe na mlango wao. Sisi wa gazeti hili tunasema jambo hilo ni jema. Mtu mwenye kwake ana heshima yake, na mke mwenye jiko lake anapumua. Hakuna wa kupinga.

Lakini kuna jambo halisemwi wakati wa furaha hiyo, na leo tunataka kulisema. Wengi wanaokwenda kununua nyumba ya kwanza wanakwenda na madeni mgongoni. Tena kila mmoja ana yake, na mwenzake hayajui. Bwana anadaiwa na chama cha akiba na mikopo. Bibi anadaiwa kwenye kikundi cha kina mama. Daftari la duka lina majina ya wote wawili, kila mmoja na ukurasa wake. Simu nayo ina mkopo ambao hauonekani na mtu. Halafu wanafuatana wawili hao mpaka kwa mwenye nyumba, wanamwambia: tutakulipa. Watalipa kwa kitu gani?

Sisi tunasema hivi: mume na mke wasitoe hata shilingi moja ya nyumba mpaka kila deni la kila mmoja limetajwa mbele ya mwenzake na kuandikwa kwenye karatasi moja. Hatusemi mwenye deni asinunue nyumba. Tungesema hivyo, nani angenunua? Tunasema anunue akijua. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humwumbua, na deni ni maradhi ya namna hiyo hiyo.

Kwanza tuelewane kwamba madeni hayafanani. Deni la salfa uliyopulizia mikorosho yako ni deni linalozaa. Umekopa, mti umezaa, ghalani wamekata chao, umebaki na chako. Deni la harusi ni deni linalokula. Ng'ombe kaliwa siku moja, ngoma imelia usiku mmoja, na wewe unalipa misimu miwili. Ndiyo maana ya ule msemo, kukopa harusi, kulipa matanga. Mkopo wa simu nao unakula upesi zaidi, kwa sababu wanautaka urudi baada ya wiki chache, na mkulima hapati hela kila wiki. Na yule mtu binafsi anayekukopesha kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, mhesabuni vizuri. Ukichukua laki moja kwake ukawa unalipa riba tu, mwaka mzima utakuwa umempa 120,000, na laki yake iko pale pale.

Deni baya kuliko yote hapa kwetu mnalijua wenyewe. Ni kangomba. Mtu anauza korosho ikiwa bado mtini, kwa bei ya kutupa, kwa sababu ana shida leo. Kila mwaka tunaambiana kangomba ni haramu na inaua ushirika, na kila mwaka watu wanarudi kule kule. Tumejiuliza kwa nini. Jibu moja ni kwamba wengine wanasukumwa na nyumba waliyoinunua kabla hawajajiandaa. Tufanye hesabu, na hii ni mfano tu.

Bwana na bibi wamepata 1,500,000 baada ya makato yote. Nyumba wanayoitaka ni 3,000,000. Madeni yao ni haya: chama cha akiba na mikopo 400,000, kikundi cha kina mama 200,000, duka 120,000, simu 80,000. Jumla 800,000.

Wakipeleka hela yote kwa mwenye nyumba, watabaki wanadaiwa 1,500,000 za nyumba na zile 800,000 za zamani, jumla 2,300,000. Mfukoni hawana kitu. Mwezi wa nne chakula kimekwisha. Mwezi wa saba inatakiwa salfa, mwenye nyumba anagonga mlango, na kikundi kimetuma watu. Hapo bwana anakwenda kwa mtu wa kangomba usiku, anachukua 200,000, anaahidi kilo 200 kwa 1,000 kila kilo. Mwezi wa kumi mnada ukifunguliwa kwa 2,500, zile kilo 200 zingempa 500,000. Amepoteza 300,000 kwa miezi mitatu. Hakuna benki yenye riba ya namna hiyo! Na mwakani itakuwa vile vile, mpaka siku nyumba inarudi kwa mwenyewe na malipo ya kwanza yamekwenda na maji.

Sasa chukua njia ya pili. Watu wale wale, hela ile ile. Wanalipa madeni yote 800,000. Zinabaki 700,000. Wanatafuta kiwanja kidogo, tuseme cha 400,000, na 300,000 wanaziweka kwa chakula na salfa. Kiangazi wanafyatua tofali wao wenyewe na vijana wenzao. Msimu unaofuata hawana wa kuwakata isipokuwa pembejeo, na hela inakwenda kwenye bati, mlango na fundi. Kwa msimu wa pili au wa tatu wanaingia kwao, na usiku wanalala usingizi.

Najua, mtasema, "Ninyi waandishi mnasema tu, hamjui maisha ya kukaa kwa wakwe." Hoja hiyo tunaiheshimu. Chumba kimoja, mama mkwe mlango wa pili, mtoto wa kwanza anakuja. Si jambo la mchezo. Wengine wanasema nyumba nzuri ikitokea usipoichukua leo anaichukua mwingine. Kweli. Basi kama hapana budi, chukueni, lakini fanyeni mambo mawili. Msitoe hela yote mliyo nayo, bakizeni ya chakula na ya shamba. Na mpatane na muuzaji kwa maandishi kwamba malipo yatafuata msimu, si kila mwezi. Mkulima anayeahidi kulipa kila mwezi anaahidi kitu ambacho mti hauwezi kutoa.

Tena msisahau kwamba hata msimu si wa kutegemewa kama saa ya ukutani. Msimu wa 2018/2019 wote mnaukumbuka. Wanunuzi walitoa bei ndogo, Serikali ikaamua kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Bei ilikuwa nzuri, lakini wakulima wengi wa Mtwara na Lindi walingoja malipo miezi mingi. Aliyekuwa na deni la tarehe maalum aliumia, ingawa korosho yake ilikuwa ghalani na karatasi mkononi. Kwa hiyo mnapopanga nyumba, pangeni pia siku ambayo hela itachelewa.

Jambo la pili: nyumba nayo inaweza kuwa na madeni yake. Si ninyi tu. Muuzaji anaweza kuwa amekwisha kuiweka dhamana mahali. Anaweza kuwa anauza bila mkewe kujua. Pengine ni nyumba ya urithi na ndugu zake wanne hawajaulizwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema wazi kwamba nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani na mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Kwa hiyo ukimwona muuzaji peke yake anaharakisha, uliza, "Mama yuko wapi?" Asipokuwepo, hifadhi hela yako.

Vile vile, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji haihami kwa kupeana mikono chini ya mwembe. Halmashauri ya Kijiji lazima ikubali. Nendeni ofisi ya kijiji kwanza, mtaje kiwanja, waiteni majirani wa pande zote waonyeshe mipaka, ndipo hela itoke mbele ya mashahidi na iandikwe. Wapo wanaoona hayo ni usumbufu. Usumbufu wa siku mbili ni nafuu kuliko kesi ya miaka miwili.

Na jina? Tunaomba akina baba wasituchukie. Kama hela imetoka kwa wawili, na madeni yatalipwa na wawili, basi karatasi iandikwe majina mawili. Hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kutolewa kwa mume na mke kwa pamoja, sheria inaruhusu. Wala msituambie kwamba mke hakuchangia kwa sababu hakuleta hela taslimu. Nani alipalilia? Nani aliokota korosho na kubangua? Nani alipika wakati fundi anajenga? Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi ya mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Kama mahakama kubwa imeona hivyo, sisi wa kijijini tunaowaona akina mama kila siku tushindwe kuona?

Majina mawili yana faida nyingine. Yanaondoa siri. Bwana hawezi kuipeleka nyumba dhamana kimya kimya kwa deni ambalo bibi halijui, na bibi naye hivyo hivyo.

Mtu anaweza kuuliza: madeni ya mume na mke yanatuhusu nini sisi wengine hata yaandikwe ukutani? Yanatuhusu sana. Mwanachama akishindwa kulipa mkopo, wanaoshikwa ni wadhamini wake, na akiba yao ndiyo inayokatwa. Akiuza kangomba, kilo zinapungua ghalani kwetu. Nyumba moja ikianguka kwa madeni, vumbi lake linaingia nyumba nyingi.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo yetu, yajadiliwe kwenye mkutano mkuu ujao.

Kwanza, Kamati ya Mikopo isitoe mkopo wa nyumba kwa mtu mwenye ndoa mpaka mume na mke wamekaa pamoja mbele yake na kutaja madeni yote, hata ya simu, hata ya duka. Kamati nayo itunze siri. Mambo ya watu yasifike kilabuni kabla ya jioni.

Pili, wadhamini waonyeshwe orodha hiyo kabla ya kutia sahihi. Mtu asidhamini gizani.

Tatu, wazazi wapunguze harusi. Badala ya kuwaachia vijana deni la ngoma, wachangieni bati. Bati kumi zinakaa miaka mingi kuliko sahani za pilau.

Nne, tuanze siku ya kufyatua tofali kwa zamu kila kiangazi. Leo kwako, kesho kwangu. Wazee wetu walijengeana nyumba bila kukopeshana hata senti, na sisi mikono tunayo.

Kwenu vijana mliooana mwaka huu, tunawatakia heri, tena heri ya kweli. Lakini usiku wa leo, watoto wakilala, washeni taa, chukueni karatasi na kalamu, kila mmoja ataje anachodaiwa na nani. Itauma kidogo. Pengine mtanuniana mpaka asubuhi. Afadhali kununiana leo mkiwa bado na hela yenu mfukoni kuliko kulaumiana baadaye nje ya mlango uliofungwa na mwenye nyumba.

Dawa ya deni ni kulipa, na hulilipi usilolijua.

Umoja ni nguvu.