Kabla ya Nusukaputi, Mweleze Daktari Yote

Mtoto anapopelekwa thieta kukatwa tezi za koo, wazazi wengi huulizana juu ya ada na siku za kulazwa. Maswali ya muuguzi kuhusu magonjwa ya ukoo hujibiwa haraka haraka: "Hatuna." Hapo ndipo hatari inapopenya.

Nusukaputi si dawa moja. Ipo ya kukulaza, ipo ya kutuliza maumivu, na ipo ya kulegeza misuli ili mpira wa kupumulia upite kooni na daktari apasue bila taabu. Hii ya tatu ilianzia kwenye kurare, sumu ya mishale ya wawindaji wa Amerika Kusini. Januari 1942, Harold Griffith na Enid Johnson waliitumia katika upasuaji mjini Montreal, Kanada.

Lakini si kila misuli huivumilia. Chukua ugonjwa wa Duchenne, unaowapata hasa wavulana. Mtoto huchelewa kutembea, huanguka ovyo, na akiinuka hujishika mapaja kana kwamba anajipanda mwenyewe. Mashavu ya miguu hunenepa hata jirani akamsifu kuwa atasakata kandanda! Mtoto huyo akidungwa suksamethoniamu, misuli yake dhaifu yaweza kumwaga potasiamu nyingi katika damu kwa ghafla, na moyo ukasimama. Wako watoto waliokufa hivyo, ugonjwa wao ukiwa haujatambuliwa bado. Ndiyo maana katika miaka ya 1990 dawa hiyo iliandikiwa onyo kali huko Marekani: watoto wasidungwe ila kwa dharura.

Kuna pia maiasthenia, ambapo kope huteremka na sauti hufifia siku inapokwenda. Kinga ya mwili hushambulia mahali mishipa ya fahamu inapoipa misuli amri. Huyu naye, rokuroniamu kwa kipimo cha kawaida humlegeza kupita kiasi, akashindwa kupumua hali operesheni imekwisha. Daktari akijua mapema atapunguza kipimo, atapima nguvu za misuli kwa mashine, na kumwekea kitanda cha wagonjwa mahututi. Ipo pia sugamadeksi, iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2008, ambayo huinasa rokuroniamu na kuizima.

Basi ukiulizwa, usione haya. Mtaje mjomba aliyeishia kwenye kiti cha magurudumu angali kijana, maana ugonjwa wa Duchenne mara nyingi hupitia kwa mama. Mtaje jamaa aliyezidiwa thieta. Taja kope zinazoanguka na vidonge unavyomeza. Na barua ya kliniki ibebe, hata kama unakwenda kung'olewa jino.